Vyeti Kumi na Kimoja Ukutani

Wapapa na wamama wa shirika letu, nashukuru kwa nafasi hii. Munanijua kama ule papa wa sabuni. Leo nataka muujue ule papa wa zamani.

Nilikuwa mutu wa semineri. Fondasio moja ya mbali, shirika ya wafadhili, ilikuwa inalipia semineri za mafunzo hapa kwetu: kufuga nyuki, kulea sungura, kupika sabuni. Zote nilikuwamo. Nilikuwa nakaa benchi ya nyuma, pale masufuria yanapitia. Asubuhi naandikisha jina, saa sita nakula wali na nyama, kisha nalala macho wazi. Munacheka, lakini wengine wenu tulikuwa benchi moja.

Mwishoni wanatupa cheti. Nilikuwa navyo kumi na kimoja, vyote ndani ya kadre za kioo ukutani. Nyuki sikuwa nayo hata moja. Aliyetulisha ni bibi yangu, mama ya watoto wangu, kwa kuuza mboga.

Siku moja proje ya ile fondasio ikafungwa, semineri zikaisha. Nikabaki nyumbani naangalia kadre. Bibi akaniambia pole pole:

"Papa ya batoto, hii makaratasi yote, ni gani itatulisha? Kama hakuna, miye na batoto tunarudia kwetu Mudaka. Utabakia na ukuta yako."

Nikachagua cheti ya sabuni. Nikaleta mawese na ile soda kali ya kupikia sabuni. Nikafungua kaye yangu, daftari ya semineri, nitafute kipimo cha soda. Ndugu zangu, nawaambia, pale penye kipimo niliandika: "Tumeenda kula."

Nikapima kwa macho. Ile sabuni ilitoboa shati ya mutoto ya masomo na kuchubua mikono ya bibi. Hakunitukana. Alifunga nguo zake ndani ya sakoshi kubwa, akaiweka karibu na mulango. Hapo niliogopa kweli.

Kesho yake nikatoa cheti ukutani, nikapanda kwenda Muhumba, kwa maman aliyetufundisha sabuni, nikamurudishia. Akaniangalia sana.

"Si we ule wa nyuma, karibu na masufuria?"

"Ndiyo, maman."

"Basi leo utakaa mbele. Na chakula hakuna."

Alinifundisha wiki tatu bila kuniomba kitu. Soda inapimwa kwenye balansi, ile mizani, si kwa macho. Kila jioni narudi nyumbani, naangalia kwanza mulango: sakoshi iko palepale, imefungwa. Siku sabuni yangu iliposhika vizuri, bibi alifua shati, akanusa mikono yake, akaenda kufungua ile sakoshi. Akatoa nguo zote. Ndani yake ndiyo tulibebea sabuni ya kwanza soko ya Mudaka. Kwa baba yake tulifika, ndiyo, lakini kumusalimia tu.

Nashukuru wale wa mbali waliotoa chao bila kutujua. Nashukuru maman wa Muhumba. Na bibi yangu, ule pale anaficha uso, asante kwa kunichunga na sakoshi. Wapendwa, wenye kutusaidia wanaweza kutulipia mwalimu. Masikio, kila mutu analeta yake.

Sasa fondasio imerudia, na wameniomba mimi nifundishe sabuni. Tunaanza Jumanne, hapa hapa. Cheti nitatoa kwa mwenye kufua shati ya mutoto wake mbele yangu, na sabuni aliyopika mwenyewe. Na nyinyi wa benchi ya nyuma, nawajua: tutapima soda kwanza, ndipo tule.