Vishimo vya Hewa

Kijiwe chetu kiko kwenye kona, katikati ya kibanda cha kinyozi na kibanda cha fundi viatu. Mimi ndiye muuza kahawa, kwa hiyo umbea wote wa hapa hupita masikioni mwangu kabla haujaenda mtaani. Jana asubuhi binti wa Fundi Viatu alituletea vitu viwili alivyobuni mwenyewe na kuviunda na wanafunzi wake. Kimoja ni ubao mpana wenye miguu mifupi, umechorwa ndege wa kila rangi na una vishimo vya mviringo juu yake. Kingine ni benchi jembamba la mbao zenye nafasi katikati, upande mmoja umeinuka kuliko mwingine. Alishusha mzigo mbio mbio, akawahi darasani. Wazee wakagombea kuukalia ule ubao wenye ndege kwa jinsi ulivyopendeza, mimi nikapanga vikombe vyangu kwenye benchi. Leo sasa anakuja mgeni kutoka chuo kuangalia kazi za binti, ndipo iamuliwe kama atapewa darasa pale. Tangu asubuhi Fundi Viatu hajashona hata kisigino.

— Magoti yananigusa kidevu, alilalamika Mkasi, yaani kinyozi wetu. Fundi, binti yako mchoraji kweli, ila kwenye viti bado bado.

— Chunga mdomo wako! alifoka Fundi Viatu. Mguu wake wa kushoto, ule usiokunjika, ulitokeza mpaka njiani, watu wakiuruka.

Waziri akakohoa. Huyu hajawahi kuwa waziri wa chochote, ila anajua mambo yote ya serikali.

— Hiki ni kiti cha kitaalamu, Mkasi. Ukikaa chini hivi, damu inapanda kichwani, unafikiri vizuri.

— Na hivi vishimo?

— Vya hewa. Wabunifu wa siku hizi wanajali makalio.

— Mbona mimi nasikia kuchomwa tu?

— Basi ni vya mvua. Maji yanatuama humo, ndege wa kweli wanakuja kunywa, wanadhani hawa waliochorwa ni ndugu zao.

Kikombe kimoja kikainama kwenye benchi, kahawa ikachuruzika chini katikati ya mbao. Nikameza tusi langu, maana baba wa binti alikuwa ananitazama.

— Tukubaliane kabla mgeni hajafika, alisema Waziri. Tusiseme anachora. Tuseme ni mwalimu, basi. Mtu wa kazi tatu wanamwona hajatulia.

— Tuseme mbunifu, alipinga Mkasi. Mbunifu ana heshima zake.

— Au tuseme wako watatu. Mapacha! Mmoja anachora, mmoja anabuni, mmoja anafundisha. Wawili wamesafiri.

Hapo Fundi Viatu akalipuka.

— Miaka yote mnamwambia achague! Alikuwa mdogo, anachora kwenye maboksi yangu ya viatu. Mteja akija, yeye ndiye anayepima unyayo. Watoto wa wateja anawafundisha kufunga kamba. Yote hayo pale kibandani, nikimwona kwa macho yangu. Sasa nimwambie akate lipi? Wampe darasa, wasimpe, mimi najivunia mwanangu alivyo!

Ndipo tukamwona mama mmoja mwenye mkoba wa kitambaa amesimama kando, sijui tangu lini.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mama.

Akatuzunguka polepole, akainama, akachungulia chini yetu.

— Samahani. Mbona mmekalia meza?

Mkasi akatazama alipokalia kana kwamba ameketi juu ya mtu. Mimi nikachukua kikombe, nikakitia kwenye kishimo kilichokuwa wazi. Kikatulia tuli.

Tukahama, vikombe vyote vikahamia mezani. Benchi likatupokea vizuri, magoti yakarudi mahali pake. Fundi Viatu akabakiwa na ule upande ulioinuka, ambao sote tulidhani umekatwa vibaya. Akakaa, mguu wake ukanyooka wenyewe chini ya meza, pale palipoachwa wazi.

— Amenipima, alisema. Sijui lini, ila mtoto huyu amenipima.

Akafuta machozi kwa aproni yake. Sikuona aibu kufuta ya kwangu.

Mgeni akaomba kahawa, akakaa na sisi.

— Namsubiri atoke darasani, alisema. Darasa ni lake, nataka nimwambie mwenyewe.

— Darasa la kuchora, la kubuni, au... alianza Waziri.

— Nyamaza, Waziri! tulisema wote.

Jioni birika liliisha bila tone kumwagika. Wapita njia wakaanza kusimama kushangaa ndege, na mmoja akataka kuketi juu yao. Fundi Viatu akamshika mkono kwa upole.

— Siyo hapo, ndugu yangu. Hapo ni meza. Wewe huoni vishimo? Kaa hapa nikueleze, hii kabuni binti yangu.