Kitambi Kilichokuwa Bandama

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu wa jumuiya! Kwa kuwa mmeshiba ugali na maharage ya mke wangu Gaudensia, sasa mtanisikiliza mimi Otmari, mtake msitake.

Mnalikumbuka tumbo langu. Lilianza kukua msimu ule kahawa ilipokubali, nanyi mkafurahi pamoja nami. Kila nikipita sokoni Mapera nasikia, "Bosi! Kitambi cha kahawa hicho!" Hata wazee walinitania, nami nikatembea kifua mbele.

Lakini ndugu zangu, tajiri gani mikono imebaki mifupa? Nikila matonge mawili nimeshiba. Shuka nalikamua jasho. Shambani nikichimba ngoro, haya mashimo yetu ya kila msimu ya kushika udongo mlimani, shimo moja tu, nakaa chini nahema.

Gaudensia akanipeleka hospitali. Daktari akabonyeza upande wa kushoto, akasema, "Mzee, hiki si kitambi. Ni bandama imevimba." Nikapelekwa Dar es Salaam, damu ikapimwa, nikaambiwa nina saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Niliogopa! Nililia pale kwenye benchi, mwanaume mzima.

Mungu ni mwema! Wakanieleza kuwa siku hizi kuna vidonge vya imatinibu, vinavyouzuia ugonjwa kuzalisha chembe nyeupe za damu hovyo. Kidonge kila siku, baada ya chakula, kwa maji mengi. Macho yalivimba, misuli ya miguu ikakaza, nikavumilia. Tumbo likanywea.

Hapo ndipo mlipoanza kunililia! "Otmari amekwisha, hata kitambi kimemkimbia." Kaka yangu Bertram alikuja kuniuliza shamba namwachia nani. Akanikuta nimebeba gunia la mahindi begani, akageuza maneno: "Kumbe tulipokuombea ulipona! Tupa vidonge, unamtia Mungu aibu." Na wengi mlimuunga mkono. Kaka mkubwa ni baba, nikamgeukia mke wangu.

Gaudensia akapiga magoti kwa adabu zote. "Shikamoo, shemeji. Na wewe mwaka huu huchimbi ngoro, maana ulichimba mwaka jana?"

Bertram alicheka mpaka akakohoa, ila hakukubali.

Ndugu zangu, mimi sikuacha. Kipimo cha juzi ugonjwa hauonekani! Daktari amesema niendelee, nikiacha kwa kichwa changu utarudi. Basi najivuna, acheni nijivune! Namjivunia Mungu aliyewapa watu akili ya kutengeneza dawa hii, na namjivunia mwanamke huyu.

Najua humu ndani wapo wanaomeza dawa kwa kujificha: ya presha, ya kisukari, hata ile tusiyoitaja. Mtumainini Mungu, wala msione haya. Mimi nimeshakula. Gaudensia, nipe maji. Kaka, sogea uone vizuri: nakimeza kidonge changu hapa mbele ya jumuiya yote, na kesho nitameza kingine. Bwana asifiwe!