Lisiguswe Kopo la Gari

Sogeeni wanangu, mkae karibu na kitanda, maana hii sauti yangu iliyokuwa ikisikika soko zima bila kipaza sauti, leo haivuki hata chandarua. Wewe kifungua mimba, kabla hujaketi, toa lile kopo ulilolificha chini ya koti. Nimekuona. Ninakufa, sijapofuka.

Najua unalitakia nini. Jana nilikusikia barazani ukimwambia seremala, "Mzee wangu azikwe kwenye mbao za kreti? Watu watasemaje?" Waache waseme! Miaka yote nimekaa mlangoni pa choo cha soko nikiwasikia wakisema, tena wakiwa humo ndani, na hawakuniua. Mbao tupu zinanitosha, baba. Niendako hakuna anayekagua vishikio vya sanduku.

Kopo lenye kutu ni la mshahara, sabuni na bili ya maji. Kitakachobaki humo, gawaneni. Lakini hilo ulilokumbatia ni la gari la kunyonya shimo, halina mrithi. Shimo limejaa, mvua ziko karibu, na gari linakuja Alhamisi.

Choo kile tulipewa bure. Utepe ukakatwa, hotuba zikasomwa, mgeni rasmi akapigwa picha mlangoni, ingawa alipobanwa alikimbilia hotelini. Pesa ya kujenga ilikuwa na mfadhili. Ya kunyonya haikuwa na mwenyewe. Kikajaa, kikatiwa kufuli, watu wakarudi nyuma ya vibanda, na mvua ya kwanza ikateremsha yote kisimani. Wiki ile ndiyo tuliyompoteza dada yenu wa kati. Mama yenu alimbeba mgongoni hadi zahanati, njia nzima akimwimbia. Niliporudi kutoka makaburini nilikwenda moja kwa moja kuomba ufunguo, na kesho yake nikaweka kopo.

Kitinda mimba, mama, ufunguo huo ni wako, kwa kuwa una moyo laini na mkono mgumu. Asiye na kitu asirudishwe kamwe. Mwingize, kisha umtilie sarafu yake kutoka kopo la mshahara, ili la gari lisipunjwe. Mkubwa akija na walinzi wake, mkaribishe kwa heshima, na alipe kwa heshima.

Na wewe kifungua mimba, fundi cherehani wangu, usinune. Najua ulitaka kunipamba kwa mapenzi. Basi nishonee shati, mkono wako mwenyewe, hilo ndilo pambo langu.

Maji kidogo... Ahsante, mama.

Siku ya kunizika msinizungushe nyuma ya soko. Nipitisheni mlangoni pangu, mnitue kidogo... na mwombolezaji atakayebanwa, alipe. Msigombane. Mungu awape usingizi mzuri, na... na choo chepesi. Msicheke, hiyo ni dua kubwa.

Kifungua mimba, lete mkono. Sasa hilo kopo... litikise, baba. Nilisikie.

Zito.

Haya. Lirudishe.