Jumamosi Kutakuwa Kuzuri

Kijiwe chetu ni baraza la mawe nje ya duka lililofungwa, hapa Magoudjou, Moroni. Ni mwezi wa Machi, joto linakaba koo, na mawingu meusi yamekaa juu ya mlima tangu alfajiri. Tangu mamluki wa kizungu waingie nchini na kukamata kambi ya jeshi, watu wanaogopa kuzungumzia serikali, kwa hiyo tunazungumzia hali ya hewa, nayo kwa sauti ya chini vilevile. Leo yupo Youssouf, tunayemwita Waziri kwa sababu ni karani ambaye cheo hakijawahi kumkumbuka. Yupo Zaïdou, ambaye tunamwita Marseli, kwa kuwa zamani alifanya kazi katika meli za Marseli, Ufaransa, na mpaka leo hajatushukia. Na yupo Soidri, ambaye Jumamosi hii anafanya anda, ile harusi kuu inayomfanya mwanamume wa kisiwa chetu cha Ngazidja ahesabike mtu mzima. Asiyeifanya hana ruhusa ya kusema mbele ya wakubwa, hata awe na mvi; Waziri, Marseli na mimi tulishaifanya. Mouhidine anazo mvi, anda hana, kwa hiyo anamimina kahawa. Mchele wa karamu umeshushwa uwanjani, nyuma ya kona, chini ya turubai. Maisha yote ya Soidri yamo ndani ya magunia yale.

Redio ilikuwa imemaliza kutangaza: leo na kesho mvua kubwa na radi, mwisho wa juma anga safi na upepo mwanana.

— Mmesikia? Soidri akauliza. Taarab yangu iko uwanjani, peupe. Niiache Jumamosi au niahirishe?

— Usiahirishe, akasema Waziri. Hiyo hali ya hewa imeshapitishwa.

— Imepitishwa na nani?

— Wazungu wa kambini. Jumamosi wanakwenda ufukweni kuchoma nyama. Unadhani watakubali kulowa?

Mouhidine akainua kidole.

— Samahani wakubwa, ule mchele...

— Mimina, Mouhidine! Soidri akamkatiza. Watu wanazungumza.

Marseli akakohoa, dalili kwamba sasa tunasafiri.

— Mvua haikatazwi, jamani. Inahamishwa. Nimeona kwa macho yangu kule Marseli. Ndege inapanda, inamwaga unga wa chumvi, wingu linageuza njia.

— Linaelekea wapi?

— La kwetu? Mutsamudu, kule kisiwani Ndzuani.

— Ndiyo maana ndugu zetu wa Ndzuani wamenuna siku zote, nikasema mimi.

Waziri hakupenda kupitwa.

— Chumvi ya nini, bwana! Kule kwao labda. Hapa wanatumia karafuu zetu, zimesagwa. Ndiyo maana sokoni hazionekani.

Radi ikaguruma upande wa mlima.

— Hiyo siyo radi, akanong'ona Marseli. Hiyo ni injini.

— Wakubwa, akasema Mouhidine, turubai...

— Mouhidine! Soidri alikuwa mkali kuliko sisi sote. Huna adabu? Fanya anda kwanza, kisha uje utuambie ya turubai.

Mouhidine akainamia dele lake la kahawa na kumimina. Wakati huo akatokea Djaffar, binamu yake Soidri, mfanyabiashara wa Mutsamudu, aliyeshuka na ndege asubuhi kuja harusini. Alisalimia, akapewa nafasi na kikombe.

— Bwana Djaffar, Marseli akawahi, huko kwenu mvua imefika?

— Jana ilinyesha sana.

— Mkafanyaje?

— Tukafungua miavuli.

Marseli alitutazama kwa ushindi. Djaffar akamgeukia binamu yake.

— Soidri, ule mchele pale uwanjani ni wako? Mbona uko wazi?

— Hauko wazi. Una turubai.

— Nimepita sasa hivi. Hauna.

Tukamgeukia Mouhidine. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, hakuna aliyemkataza kusema.

— Wamelichukua wazungu, akasema. Walikuja na askari wao. Wanataka kulifanyia kivuli ufukweni, Jumamosi.

— Si niliwaambia! Waziri akaruka kwa furaha. Jumamosi kutakuwa kuzuri!

Tone la kwanza likaangukia kikombe cha Soidri. Nilimhurumia, kusema kweli. Uso ulimshuka kama wa mtu aliyeletewa habari ya msiba.

— Bebeni, jamani, akasema. Bebeni basi!

Hakuna aliyesimama. Kubeba mchele wa anda ni kazi ya wasioifanya, na mwenye anda akionekana na gunia begani watamcheka kuanzia hapa hadi Ikoni. Mouhidine alikuwa ameshakata kona, anakimbia peke yake.

Djaffar alitutazama mmoja mmoja, kisha akauliza kwa upole kabisa:

— Soidri, anda yako si Jumamosi?

— Ndiyo, Jumamosi.

— Basi leo wewe ni nani?

Waziri akatazama viatu vyake. Mimi nilitazama ukuta. Soidri alivua joho la anda alilojivisha mapema, akalitupa barazani, akatoka mbio kwenye mvua, na Djaffar nyuma yake. Tulimsikia Soidri akiita kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kinywani mwake:

— Kaka Mouhidine! Kaka, ningoje!

Sisi wenye vyeo tukasogea chini ya upenu. Marseli alilitikisa dele, lilikuwa tupu. Tukatazamana nani akachemshe jingine, maana mtu tuliyezoea kumtuma alikuwa uwanjani, na gunia begani.