Sauti Iliyoniambia "Niwashie"

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mimi ni Kazungu wa benchi la nyuma. Kusimama mbele za watu siwezi, kwa hiyo nimeandika, na dada yangu Dama anawasomea.

Sigara nilianza nikiwa mdogo. Babu alikuwa akinituma jikoni: "Mjukuu wangu, niwashie." Ukiiweka kwenye kaa la moto lazima uvute ndipo ishike. Basi nilivuta. Mkubwa akikutuma, huna la kusema.

Babu akafa. Lakini ndugu zangu, sauti yake haikufa! Niko machimboni nakata mawe, mchana kweupe, naisikia nyuma ya shingo: "Niwashie." Nawasha. Ikiisha, ananiita tena.

Nyumbani tuna chumba kimoja, na mama ana pumu. Siku moja nilimkuta sakafuni, midomo imekuwa rangi ya majivu, na mimi sigara ninayo mkononi. Hospitalini daktari akaniambia, "Kijana, usipoacha, moshi wako utamzika mama."

Nilifunga, nikaombewa, nikashinda siku tatu bila sigara. Ya nne nikawasha. Ndipo daktari akanielekeza kwenye mashine ya sumaku inayogonga ubongo kutoka nje, bila kisu, ili hamu ya sigara ife. Majirani wakasema, "We Kazungu, watakutoa akili wakutie jini!" Nilikwenda na woga wangu.

Nesi alinikalisha kitini, akanivisha kofia nzito, akanipa sigara. "Ishike, inuse, itamani. Usiwashe." Kisha mashine ikaanza, ta-ta-ta-ta, kama ndege kigong'ota kwenye mfupa wa kichwa! Vidole vyangu vikaruka vyenyewe.

"Unasikia nini?" akauliza.

"Babu ananiita."

"Mwambie nesi amekataa." Akacheka.

Mimi sikucheka. Chumba kilinuka moshi, na hakuna aliyewasha kitu.

Nilirudi wiki baada ya wiki. Sauti ikawa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mikoko. Halafu siku moja ikaja hapa hapa, sikioni: "Niwashie, mjukuu wangu." Sijawahi kumkatalia mkubwa. Nikasema kwa sauti, "La, babu. Mama hawezi kupumua." Sigara ikaniponyoka. Mashine ikaendelea kugonga, lakini ndani yangu kukawa kimya. Kimya kile, ndugu zangu! Kama nyumba iliyohamwa.

Namshukuru Mungu aliyewapa watu akili ya kuunda kitu kile. Mama sasa analala chali. Haegemei tena ukuta ili apate pumzi. Haleluya!

Nakiri jambo moja. Nilimpenda babu. Mara nyingine naacha kazi, nasikiliza, hata nisikie kikohozi chake tu. Haji.

Wewe mwenye sigara mfukoni sasa hivi, usione haya. Bwana hachagui chombo. Mtumaini, uende. Na ukiogopa kukaa peke yako kwenye kiti kile, nifuate benchi la nyuma. Nitakusindikiza.