Kwa Mama wa Kinyozi Aliyetufunika

Mgeni rasmi, mama yetu, shikamoo.

Daktari Mkuu, muuguzi mkuu, mafundi wa chumba cha ngozi, wazazi wetu, na wewe mpishi wa uji uliyejificha nyuma ya nguzo, tunawasalimu kwa heshima zote tulizo nazo, pamoja na nyingine tulizoazima kwa ajili ya leo.

MAKARIBISHO

Sisi, watoto na vijana wa Wodi ya Walioungua, tumefurahi mno kukupokea. Mwaka jana tuliletewa mkubwa mmoja aliyehutubia mpaka bandeji zikatukaukia mwilini. Safari hii tuliomba mtu ambaye kweli ametufanyia jambo, na uongozi ukakubali upesi kiasi cha kututia wasiwasi. Kiti ulichokalia ni cha Daktari Mkuu. Kaa bila hofu, tumekikagua. Kuhusu ile glavu iliyopulizwa, iliyowahi kupiga kelele chini ya Daktari mwenyewe alipokaa, uchunguzi bado unaendelea, na sisi tunatoa ushirikiano wote.

HISTORIA YA CHUMBA CHA NGOZI

Mgeni rasmi, chumba hicho kiko mwisho wa korido yetu na kina dirisha la kioo. Ukiwa njiani kwenda kuoshwa vidonda, safari ambayo hakuna anayeikimbilia, unaruhusiwa kusimama na kuchungulia.

Fundi wake mkuu ni mama mtu mzima tunayemwita Bibi Hodi. Ngozi ya marehemu huletwa kwake ndani ya sanduku lenye barafu. Kabla hajafungua kifuniko, hugonga kidogo na kusema, "Hodi." Kisha hungoja. Siku za mwanzo tulicheka sana. Mwenzetu mmoja aliwahi kuitikia "Karibu!" kwa sauti nzito kutoka nyuma ya mlango, akitegemea Bibi Hodi ataruka hadi darini. Hakutikisika. Alisema tu, "Asante, mwanangu, lakini sikukuuliza wewe." Hatujacheka tena.

Ngozi yenyewe ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Huchukuliwa mgongoni na mapajani, mahali ambapo nguo hufunika, ili mtu aende kuzikwa na heshima yake. Bibi Hodi huiosha bakuli baada ya bakuli, kwa maji ya chumvi na kwa dawa ya kuua vijidudu. Hukata kipande kidogo kikapimwe maabara. Kisha huilaza juu ya chachi na kuinyoosha kwa ncha za vidole, polepole, mpaka isibaki hata kunyanzi moja, kama mtu anayetandika kitanda cha mtoto aliyelala humo humo. Huikunja pamoja na chachi yake, huiandika namba, na kuiweka kwenye jokofu la kugandisha. Akitokea mtu wa kuvikwa, huipitisha kwenye mashine inayoitoboa vitundu kama wavu, ili itanuke na maji ya kidonda yapate pa kutokea.

Haandiki jina. Kwa hiyo hatujui nani kati yetu alivikwa ya nani. Wewe tunakujua kwa sababu ulipiga simu mwenyewe, ukasema mwanao alikuwa kinyozi, alifariki kwa ajali ya barabarani, alikuwa amekwambia kuwa likimpata la kumpata asaidie watu, na hutaki afichwe.

MAFANIKIO

Tumekula. Tumelala chali, kisha ubavu, kisha fudifudi kama watu wa kawaida. Binti mdogo kuliko wote humu, tunayemwita Kitinda, ameanza kuwapiga teke wauguzi, jambo ambalo muuguzi mkuu alilisherehekea kwa machozi.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, zipo nyingi. Uji ni mojawapo, na mwenye nao anatusikia. Lakini leo tunayo moja tu.

Ulipopiga simu ulimwambia muuguzi mkuu, "Nitakuja, mradi nimshike mkono huyo aliyevaa ngozi ya mwanangu." Maneno hayo yalipotufikia, wodi nzima iliitana. Tulikaa kikao.

"Mwambieni iko kwangu," alisema Welda, mwenzetu aliyelipukiwa na mtungi wa gesi gereji. "Nina goti pana. Ashike mpaka atosheke."

"Goti lako lina manyoya kama brashi ya viatu. Mama wa watu atakimbia," mwingine alidakia.

"Basi wewe toa lako!"

Bibi Hodi alikuwa mlangoni. "Wanangu," alisema, "kila aliyepita mezani kwangu nimemnyoosha kwa vidole hivi. Hamtamdanganya mama yake."

"Sasa tumwambieje, Bibi?"

"Mwambieni alifanya kazi gani humu."

Kwa hiyo, mama yetu, tunakuambia. Ngozi ya mwanao haipo tena. Haipo kwa Welda, haipo kwa Kitinda, haipo kwa yeyote humu. Mwili wa mtu haukubali ngozi ya mwingine ikae moja kwa moja. Ilikaa kwa wiki chache tu, kisha ikaanza kulegea pembeni, ikabanduka kidogo kidogo tulipobadilishwa bandeji.

Lakini wiki zenyewe ni zile ambazo tungekufa. Mtu aliyeungua maji yake yote humtoka, na vijidudu huingia kama kwenye nyumba isiyo na mlango. Hata upepo wa feni ukimpita hulia. Mwanao alikuja akakaa juu ya vidonda vyetu, akazuia maji yasitoke, akazuia maradhi yasiingie, akazuia upepo. Usiku ule wa kwanza wa kuvikwa, kila mmoja wetu alilala. Na ngozi ilipoondoka, chini yake kidonda kilikuwa chekundu na safi, tayari kupandikizwa ngozi yetu wenyewe iliyochukuliwa pajani.

Kitinda alipoelezwa haya aliuliza, "Kwa hiyo aliondoka bila kuaga?" Welda, ambaye huwa na jibu la kila kitu, alikwenda kunywa maji.

MAOMBI

Tuliandika maombi mengi, likiwemo la sukari. Tumeyafuta. Tunakuomba hili tu: usirudi nyumbani ukidhani umekuja bure.

Hatuwezi kukuonyesha ngozi ya mwanao. Tunaweza kukuonyesha alichokuwa akikilinda. Tumejipanga mstari kando ya ukuta, mikono tumenawa, na kwa mara ya kwanza katika historia ya wodi hii hakuna anayesukumana. Tushike sote. Anza na Kitinda, kwa kuwa hana subira. Huyu hutekenyeka upesi, kwa hiyo akikupiga teke, tafadhali ipokee kama shukrani. Utakuta sehemu laini, utakuta makovu yenye mabonde na vilima. Mkono wako ukifika penye kovu usiuondoe kwa kutuhurumia. Bonyeza tu, mama.

Hapaumi tena.

Mungu akupe usingizi mtulivu, na amtunze kijana wako kwa upole ule ule aliotunzwa nao mezani kwa Bibi Hodi.

Ni sisi wanao,
Wodi ya Walioungua.