Verlon Amos Tisdale, Mwalimu wa Udereva wa Saginaw (1961–2023)

Verlon Amos Tisdale alizaliwa tarehe 9 Mei 1961 hapa Saginaw, Michigan, akiwa kitinda mimba wa marehemu Amos na Lula Tisdale, waliotoka Mississippi kufuata kazi ya kiwanda cha kuyeyusha chuma. Alibatizwa katika kanisa hili akiwa na miaka kumi. Wanaokumbuka wanasema alitoka majini akiuliza, "Mchungaji, hamkuweza kuyapasha moto?"

Alimaliza sekondari mwaka 1979, akasomea ualimu kwa miaka miwili, kisha akarudi nyumbani kumuuguza baba. Mwaka 1984 alipata leseni ya kufundisha udereva, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini. Nusu ya mlioketi hapa mlishika usukani kwa mara ya kwanza yeye akiwa pembeni, mguu juu ya breki yake ya ziada. Hakuwa mtu wa kufoka. Alisema tu, "Haya, mama, lile lori umeliona? Maana lenyewe limeshakuona."

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Corliss Bynum, ambaye katika somo la tatu aliligonga kwa gari na kuliangusha sanduku la barua la mchungaji, lililosimama kando ya barabara.

"Nimefeli?" akauliza.

"Umefeli vizuri sana. Itabidi urudi kesho."

Alirudi kesho yake na keshokutwa yake. Walifunga ndoa tarehe 20 Juni 1987, na Mungu akawajalia binti, Renita. Corliss anakiri kwamba cheti cha ndoa kilitangulia leseni.

Tarehe 17 Januari 2004, barabara zikiwa zimeganda, lori liliteleza na kumgonga Verlon akiwa amesimamisha gari lake kwenye taa nyekundu. Shingo ilivunjika. Hakutembea tena wala kuinua mkono, na alipumua kwa mashine. Lakini sheria ya jimbo letu wakati huo ilitaka kila mwenye gari alipe bima kubwa, ili atakayeumia barabarani atunzwe maisha yake yote. Sote tuliilalamikia bei hiyo, na kabla ya ajali Verlon alilalamika kutushinda. Bima hiyo ndiyo iliyomleta Marva Pettway, mhudumu aliyekaa naye nyumbani miaka kumi na saba, akimgeuza kitandani kila baada ya saa mbili. Katika miaka yote hiyo Verlon hakupata kidonda cha kulala hata kimoja. Siku ya harusi ya Renita, ni Verlon aliyemsindikiza bibi harusi hadi madhabahuni, kwenye kiti chake cha magurudumu, akiwa na tai ya zambarau.

Mwaka 2019 sheria hiyo ya bima ilibadilishwa ili bei ishuke. Bei ilikuwa imewashinda watu, na wengi waliendesha bila bima. Hilo nalo ni kweli, tusilifiche. Mwaka uliofuata bima yangu mimi, dada yake Ozella ninayesoma hapa, ilishuka kwa karibu theluthi. Nilimpigia simu nikicheka.

"Mdogo wangu, safari hii wametukumbuka!"

Nilisikia mashine ikivuta pumzi. "Hongera, dada. Basi samaki wa Ijumaa ni juu yako."

Nilikaanga samaki, tukala. Hakuniambia kwamba alikuwa ameshasomewa sheria yote, ukurasa kwa ukurasa, na kwamba nafuu yangu ilikuwa imetoka kwake.

Julai 2021, kwa sheria hiyo mpya, malipo ya wahudumu yalikatwa karibu nusu. Kampuni iliyomwajiri Marva ilifunga milango Oktoba. Marva aliendelea kuja wiki sita bila mshahara, kisha akaenda kufanya kazi kwenye ghala, maana naye ana watoto. Corliss, na mgongo wake mbovu, ndiye aliyebaki kumtunza, na bima ilimlipa kwa saa hamsini na sita tu kwa wiki. Wiki ina saa mia moja sitini na nane.

Verlon aliomba apelekwe Lansing, kwenye bunge la jimbo. Mbunge mmoja alimpokea kwa heshima, akachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Mwalimu Tisdale, nakuelewa. Lakini wapiga kura wangu walitaka bei ishuke."

"Mimi pia ni mpiga kura wako."

"Najua, mzee wangu. Kwa kweli sijui nikufanyie nini."

Njiani Verlon alimwambia mkewe, "Afadhali angekuwa katili. Ningejua pa kumshika."

Februari 2022 ilibidi ahamishiwe nyumba ya wagonjwa iliyo maili tisini kutoka hapa, kwa kuwa za karibu hazikupokea mtu wa mashine. Kidonda cha mgongo kilianza Agosti. Corliss alikiripoti, nami nikakiripoti. Kila tuliyemwambia alituonea huruma. Hatimaye sumu iliingia kwenye damu. Verlon alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa nne asubuhi, Corliss akiwa bado njiani. Siku tatu baadaye ilifika barua ya bima ikimtaka athibitishe kwamba bado amepooza. Hatujajua tujibu nini.

Ameacha mjane, Corliss. Binti, Renita, na mumewe, Desmond. Wajukuu wawili, Jolie na Amos. Na dada zake, Earline na mimi. Ameacha pia Marva Pettway, ambaye naambiwa amesimama mlangoni, akisema hana haki ya kukaa na wafiwa. Wazee wa kanisa, tafadhali mpisheni. Marva, njoo ukae nasi.

Verlon, mdogo wangu, Mungu akupe pumziko ambalo sisi hatukuweza kukupa.